Mlio Uliopendwa

Niseme kwanza kwamba ule mlio ulikuwa mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ungekuwa mbaya, ningemlaumu kaka yangu kwa raha zangu, nikamaliza, nikaendelea na maisha. Lakini ulikuwa mzuri, na hata mimi ambaye sikuutaka tangu siku ya kwanza nilijikuta nauimba nikiosha vyombo, nikajipiga kofi la mdomo mwenyewe.

Kaka yangu alijulikana kwa jina la Kinanda. Kiwandani walimwita hivyo, nyumbani tulimwita hivyo, na mkewe pia. Jina alilipata ujanani, alipounda kinanda kwa redio mbovu na vibao vya kabati. Kilikuwa na noti nne tu, naye akazunguka nacho mtaa mzima akizipiga hizohizo nne, mpaka majirani wakamwomba aende kwa jamaa zetu wa mbali akawafurahishe na wao. Baadaye akawa fundi umeme katika kiwanda cha kugandisha nyama na samaki. Mkewe, wifi yangu, alikuwa kwenye chumba cha baridi cha kiwanda hichohicho, akipanga masanduku kwenye rafu. Mimi nilikuwa ukumbi wa kufungashia, upande wa pili wa ukuta. Nilizoea kusema kwa utani kwamba kiwanda kile kikiamua kutuua, hakitahangaika kututafuta, kitatukuta wote kazini.

Alikuwa mpole kupita kiasi. Mtu akimkanyaga yeye ndiye aliyeomba radhi. Kitu kimoja tu kilimfanya aongee mpaka umwombe anyamaze, nacho ni kadi za sauti za kompyuta za zamani. Chumba cha nyuma cha nyumba yao kilijaa hizo kompyuta, zile nzito zenye vioo vilivyotuna, na juu ya meza kulikuwa na sanduku la kadi alizozichomoa kwenye mashine zilizotupwa. Kwa asiyejua, kadi ya sauti ni kibao kilichojaa vijidude vyeusi, unakichomeka ndani ya kompyuta ili ipate mdomo. Siku hizi kompyuta inazaliwa na mdomo wake. Zamani ilikuwa bubu mpaka uiwekee kadi.

Siku moja nilimuuliza hicho kijidude kinachoitwa chipu kinaimbaje, maana nilidhani ndani yake zimehifadhiwa sauti kama kwenye kanda. Alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Akamwita mkewe kutoka jikoni.

"Hebu imba aaa," akamwambia.

"Kinanda, nina unga mikononi."

"Huimbi kwa mikono."

Wifi akaimba aaa huku amemkazia macho. Kaka akamshika mabega akaanza kumtikisa, polepole, kisha haraka zaidi, na ile aaa ikayumba, ikavunjikavunjika, ikawa sauti nyingine kabisa, mpaka wifi akashindwa kwa kicheko na kumpaka unga pua nzima.

"Umeona?" akaniambia kaka, pua nyeupe. "Sauti yake ni wimbi la kwanza, mkono wangu ni wimbi la pili. Chipu haina kengele wala filimbi ndani yake. Ina mawimbi tu, moja linalitikisa jingine. Ukitikisa kwa kasi sana husikii tena mtikisiko, unasikia sauti mpya. Ukiipa namba hizi unapata kengele, namba zile unapata tarumbeta. Na ukiliacha wimbi lijitikise lenyewe kwa nguvu zote, hapo unapata msumeno."

"Na mimi ukiniacha nijitikise mwenyewe utapata chakula," akasema wifi, akarudi jikoni.

Huyo ndiye wifi yangu. Tulitaniana naye tangu alipoolewa, na sikumwachia hata siku moja ashinde bila kutoka jasho.

Sasa niseme habari ya gesi. Kiwanda chetu kiligandisha kwa amonia. Inapita kwenye mabomba, huioni, na ikibaki mabombani haina shida na mtu. Ikitoka, inachoma macho na koo, na ikijaa ndani ya chumba kilichofungwa, mtu hapewi nafasi ya kujieleza. Kwa hiyo ukutani kulikuwa na vipima gesi, na vipima hivyo vilisomwa na kompyuta moja kuukuu iliyokaa kwenye kijichumba cha vioo juu ya ngazi. Gesi ikinuswa na kipima chochote, kompyuta ilipiga mlio, na mlio ulitoka kwenye spika za kila chumba. Mdomo wa kompyuta hiyo ulikuwa kadi ya sauti ya aina ileile aliyoipenda kaka yangu. Ndiyo maana hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Mlio wa zamani ulitisha. Ulikuwa kama msumeno unaokata bati, ukipanda na kushuka, na ukianza meno yalikuuma. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Miguu ilitoka kwanza, kichwa kikafuata baadaye. Wakati fulani bomba lilivuja kidogo nyuma ya chumba cha baridi, na kabla harufu haijafika mlangoni watu wote tulikuwa uani, wengine na glavu moja, msimamizi wa chumba cha baridi akiwa na buti la mguu mmoja. Tulimcheka msimamizi mpaka mbavu zikauma. Hatukuwa na mgonjwa hata mmoja.

Kisha kadi ile ikafa. Kijichumba cha vioo kilikuwa karibu mno na baridi, na dari yake ilitoa jasho. Maji yalitona juu ya kompyuta bila mtu kuona, na kaka alipoifungua alikuta kadi imeota kutu ya kijani na chipu imeungua. Akaenda kwa meneja. Meneja akamwambia mtambo mpya umeshaombwa, utakuja, kwa sasa yeye ahakikishe tu kwamba kile kitu kinalia.

Kaka alipekua sanduku lake, hakuna kadi iliyokubaliana na mashine ile. Akazunguka kwa wauza vyuma chakavu, akapata moja. Nilikuwepo alipoileta nyumbani. Aliishika karibu na dirisha, akapitisha kidole juu ya chipu, pale panapoandikwa jina la watengenezaji, akakunja uso. Jina la mwanzo lilikuwa limekwanguliwa na jingine kuandikwa juu yake.

"Ya kuiga," akasema. "Lakini tusiihukumu kabla haijafungua mdomo."

Alipoipa namba zilezile za mlio wa zamani, ilitoa sauti ya paka aliyefungiwa kabatini. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba chipu za kuiga zinajua mengi ila hazijui kuliacha wimbi lijitikise lenyewe, na ukali wote wa ule msumeno ulitoka hapo. Namba ni zilezile, koo si lile. Alihangaika nayo kila jioni, akibadilisha namba, akisikiliza, akibadilisha tena, na kila mara ukali ulipotakiwa kuja, chipu ilinung'unika.

"Hii haiwezi kupiga kelele," akasema mwishowe. "Lakini sikiliza kitu inachokiweza."

Akabonyeza, na chumba kikajaa kengele. Sijui niielezeje. Ilikuwa kengele kubwa, ya mbali, na chini yake nyingine nzito, na zilipishana zikipanda, zikikaa juu kidogo, halafu zikashuka na kutua. Wifi alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Alingoja mpaka zilipotua.

"Hiyo umeitoa wapi?" akauliza wifi.

"Nimeitengeneza."

"Rudia."

Akarudia, na nikamwona kaka yangu amevimba kichwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nami nywele zilinisimama, na si kwa uzuri.

Kila Jumatatu asubuhi mlio ulijaribiwa. Jumatatu iliyofuata kengele zikalia kiwanda kizima, kwa nguvu ileile ya spika, maana kaka hakuipunguza hata kidogo. Nataka nilieleze hili vizuri. Siku za mlio wa zamani, hata tulipojua fika kwamba ni majaribio, watu walisogea upande wa mlango bila kujijua. Siku hiyo walisimama. Jirani yangu wa mezani aliweka sanduku chini akainua uso kuitazama spika. Mtu wa mizani alifumba macho. Kengele zilipotua watu wakapiga makofi, makofi kabisa, kama wako harusini. Mimi peke yangu nilikuwa nimefika mlangoni, na wote wakageuka kunicheka.

"Mkimbiaji huyo!" akapiga kelele mtu wa mizani.

Kuanzia hapo Jumatatu ikawa siku inayongojewa. Meneja aliupenda mlio kwa sababu wageni hawakushtuka tena. Katika chumba cha baridi ndiko walikoupenda kuliko kote. Mle ndani hakuna dirisha, hakuna redio, kuna feni za baridi zinazovuma siku nzima na pumzi yako mwenyewe inayotoka kama moshi. Mwenzake wifi mle ndani, mwanamke tuliyemwita Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi, aliniambia kwamba mlio ukianza wanaacha kila kitu na kusimama chini ya spika, na wifi huwa anawanyamazisha wanaoongea.

"Mume wangu huyo," huwaambia. "Heshima kidogo."

Nilimfuata kaka kwenye kijichumba chake cha vioo. Sikubisha hodi.

"Kaka, umewapa watu wimbo."

"Nimewapa mlio. Una nguvu kama wa zamani, nimeupima."

"Sizungumzii nguvu. Nazungumzia miguu. Hakuna anayetoka."

"Ni majaribio, nani atoke mbio kwa majaribio?"

"Zamani tulitoka."

"Zamani mlikuwa mnaogopa."

"Ndiyo, Kinanda! Si ndiyo kazi yake?"

Alifuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, ingawa kilikuwa safi. Kisha akasema polepole, "Mdogo wangu, natengeneza sauti tangu sijaota ndevu. Watu wamekuwa wakiniomba ninyamaze. Hii ni mara ya kwanza mtu ananiomba nirudie."

Nilikasirika, na chini ya hasira nikamwonea huruma, nikashuka ngazi. Siku ya pili nilikwenda kwa meneja. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia ni mimi peke yangu katika kiwanda kizima ninayelalamika, na kwamba vipima gesi vinafanya kazi, spika zinafanya kazi, na mtambo mpya uko njiani. Nilitoka nimefura.

Lakini sina haki ya kusema kaka alitia pamba masikioni. Maneno yangu yalimwingia. Aliendelea kuzunguka kwa wauza vyuma chakavu, na siku moja akarudi na kadi halisi, chipu yake haijaguswa, jina lake limesimama wazi. Aliichomeka nyumbani, akaipa namba za zamani, na ule msumeno ukatoka wote, mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Nilimkumbatia. Wifi alijifungia jikoni.

Jumatatu hiyo msumeno ukarudi kiwandani. Ningependa kuwaambia kwamba watu walishukuru. Walizomea. Nililisikia zomeo likitoka ukumbi hadi ukumbi. Mtu wa mizani alimwaga chai ya moto mapajani akaapa kwamba kaka alifanya makusudi. Wakati wa chakula waliimba ule mlio wa kengele kwa midomo, wakigonga meza kwa vijiko, wakimtazama. Meneja alimwita akamuuliza kwa nini amebadilisha kitu kilichokuwa hakina tatizo. Na nyumbani, wifi hakumsemesha.

Nilikuwa sebuleni kwao jioni hiyo. Wifi alimwekea chakula, akakaa mbali naye, na ndipo aliposema, "Nakaa kwenye baridi ile tangu asubuhi mpaka jioni. Kuna kitu kimoja kizuri mle ndani. Kimoja tu. Na wewe ndiye uliyekileta, na wewe ndiye unayekichukua."

"Wifi, ni kwa ajili ya usalama wako," nikasema.

"Wifi, wewe una dirisha," akanijibu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na utani katika sauti yake.

Siku iliyofuata kaka alirudisha kadi ya kuiga. Ile halisi aliifunga kwa kitambaa akaiweka kwenye rafu ya kijichumba cha vioo, karibu na kiwiko chake. Kuibadilisha kulihitaji bisibisi na muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilimwona akiiweka. Aliniona nikimwona. Wiki zikapita, na mtambo mpya wa meneja ukaendelea kuwa njiani.

Siku yenyewe haikuwa Jumatatu. Nilikuwa nabandika gundi kwenye masanduku, asubuhi imeshakolea, kengele zikaanza. Watu wakainua nyuso. Mwenzangu wa mezani akatabasamu.

"Leo Kinanda kapatwa na nini?"

"Kapata hamu," akasema mtu wa mizani, na ukumbi ukacheka.

Niliacha gundi nikaelekea mlangoni. Wakanizomea kidogo, kwa upendo, kama walivyozoea. Nikapiga kelele kwamba leo si Jumatatu, tokeni, tokeni nyote, na wachache wakaanza kunifuata, shingo upande, wakitazama nyuma. Tulikuwa tumefika uani harufu ilipotufikia. Hapo waliobaki wakatoka kwa kusukumana, machozi yakiwatiririka, mtu wa mizani akiwa mbele yao.

Kisha nikamsikia kaka yangu. Nilimsikia kabla sijamwona, na sikumtambua, kwa sababu sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa imepazwa. Alikuwa anashuka ngazi za kijichumba cha vioo akipiga mayowe. Hakuwa anasema neno. Ilikuwa ni yowe tupu, la kupasua koo. Kutoka juu alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukukiona: taa ya kipima gesi cha chumba cha baridi ilikuwa nyekundu, na mlango wa chumba cha baridi ulikuwa bado umefungwa.

Yeye ndiye aliyeufungua. Waliokuwa ndani walitoka kwa yowe lake, wakipapasa, wakikohoa damu, Mrefu akiwa kati yao na kitambaa usoni. Kaka akataka kuingia. Msimamizi na watu wengine walimshika, akawauma, wakazidi kumshika. Mpaka zimamoto walipokuja na vinyago vyao na kukata umeme, mlio ulikuwa unaendelea kutoka kwenye spika zote, ukipanda, ukikaa, ukitua. Walimtoa wifi yangu amebebwa. Walimkuta kwenye rafu za mwisho, chini ya spika, karibu kabisa na bomba lililopasuka.

Maziko sitayasimulia. Baada yake kaka alikaa kwenye chumba cha nyuma bila kuwasha kompyuta hata moja. Hakula mpaka nilipomkaripia, akala kwa kunitii tu. Hakulia mbele yangu. Watu wa kiwanda walikuja kumpa pole, na hakuna hata mmoja aliyeutaja mlio. Nami, ambaye nilikuwa na kila haki ya kusema nilikuonya, sikulisema, na silisemi hapa kwa kujisifu.

Mrefu alikuja alipotoka hospitali. Macho yake yalikuwa bado mekundu na aliongea kwa kukwaruza. Tulikaa jikoni, mimi na yeye. Nilimuuliza kile ambacho sote tulikuwa tunajiuliza, kwa nini hawakutoka, na alikuwa ameshaanza kujibu nilipoona kaka amesimama mlangoni.

"Endelea," akamwambia.

Mrefu alinitazama mimi. Sikujua nimwashirie nini.

"Ulipoanza, nilisema twende, leo si Jumatatu," akasema Mrefu. "Wengine pia wakasema. Yeye akasema tungoje kidogo, uishe kwanza. Alisema pale unapotua ndipo pazuri, na kwamba ukitoka katikati ni kama kumwacha mtu anaongea. Tukacheka. Tukangoja uishe ndipo tutoke. Tulikuwa bado tunangoja bomba lilipopasuka, na hapo hatukuuona tena mlango."

Kaka yangu aliushika mlango.

"Hauishi," akasema.

"Nini?"

"Hauna mwisho. Ukitua unaanza tena hapohapo, unaendelea hivyo mpaka mtu auzime. Kila Jumatatu nilikuwa nauzima mimi. Nilikuwa nangoja utue ndipo niuzime, ili usikatike vibaya."

Mrefu aliweka mikono yake iliyoungua juu ya meza ambayo wifi yangu alikuwa akikandia unga.

"Tulingoja, Kinanda," akasema. "Tulingoja sana."